Kava inayokuita kutoka ng'ambo ya barabara: mchoraji wako ni nani?

Mtoto wa Bombo
Wandugu habari za jioni. Mvua imenifungia hapa tangu saa kumi, takisi hazisogei, nkasema wacha nianzishe uzi wa kitu kimenikalia kichwani siku nyingi. Wachoraji wa kava za komiki. Sio wale wanaochora ndani, hao wana kazi yao na sifa zao, mimi nataka wa kava tu.

Nina kipimo changu, nilikirithi kwa mjomba. Mjomba alikuwa anachora mabango ya saluni kule Bombo, vile vichwa vya wanaume vimekatwa denge, vimenyooka kama vimepigwa pasi. Akimaliza kichwa anavuka barabara, anasimama karibu na muuza chapati, amegeuza mgongo, alafu anageuka ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Kichwa kisipomwita anarudi kukifuta chote, hata kama rangi aliikopa. Alikuwa anasema abiria wa boda ana sekunde mbili, zikiisha ameshafika kwa saluni ya jirani. Basi na mimi siku hizi naweka picha ya kava kwa simu, naiegemeza kwa kikombe mezani, naenda mpaka mlangoni, nageuka.

Kwa kipimo hicho wangu wa kwanza ni Mike Mignola na hapo sibishani. Watu wanasema anaweka kivuli kingi. Si kivuli bana. Kivuli kinatoka kwa kitu, lakini nyeusi ya Mignola ilikuwepo kabla, kitu ndio kinachungulia kutoka ndani yake. Angalia Hellboy tangu 1994, jitu jekundu, mkono mmoja wa jiwe, na nusu ya karatasi hakuna kitu kabisa. Hata kabla ya hapo, zile kava za Batman za 1988 za kifo cha Robin, msaidizi wa Batman, mkono wa Mignola unaujua palepale.

Wa pili Frank Miller, lakini kwa kava moja tu, The Dark Knight Returns ya kwanza, 1986. Batman ni doa jeusi linaruka, nyuma yake radi imepasua anga la bluu. Hana macho, hana alama kifuani, hana chochote, na bado mtoto wa P1 atakuambia ni nani.

Wa tatu David Aja na Hawkeye ya 2012, zambarau, nyeupe, nyeusi, basi. Huyu ni kama mtu aliyepewa makopo matatu ya rangi akaambiwa ajitegemee.

Leteni wenu.

Rangi Saba
Umeanza uzi vizuri ukauharibu mwenyewe. Watatu wako wote ni wale wa kubana rangi. Alex Ross umemuacha wapi?

Yule jamaa anapaka kwa gwashi, ile rangi ya maji nzito, na anatumia watu wa kweli, anawavalisha, anawapiga picha kwenye taa, ndio anakaa kupaka. Kwa hiyo shujaa wake ana kitambi kidogo, suruali ina mikunjo gotini, kola inakaba shingo. Kwenye Marvels ya 1994 hadithi yote anaiona mpiga picha wa gazeti, mtu wa kawaida tu amesimama chini anaangalia juu, sasa ungechoraje hiyo kwa doa jeusi?? Kingdom Come ya 1996, Superman ameingia mvi kwenye masikio. Mimi niliona zile mvi nkakaa kimya kama dakika nzima, kwa sababu mzee wangu zilimuanza palepale.

Mtoto wa Bombo
Nimepeleka Ross mlangoni, wallahi nimempa nafasi. Wakiwa mmoja au wawili anapita. Wakiwa ishirini inakuwa picha ya harusi ya studio, kila mtu kasimama, kila mtu kapigwa taa vizuri, humjui bwana harusi ni nani.

Rangi Saba
😂😂 haya. Lakini harusi watu huikumbuka.

Pleti ya Nasser
Naona mnazungumza rangi kama kwamba rangi inatoka kwa mchoraji. Rangi inatoka kwa mashine.

Niko Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, mwaka wa kumi na kitu sasa, nimeanza kuosha roli nikiwa kijana, na zile posta zetu za Saddam na Gaddafi na Amin mnazoziona zimebandikwa kila mahali ndio zimenifundisha (mpaka wazungu wameziandikia kitabu zile, sisi tulikuwa tunatafuta pesa ya chakula). Sasa niwaambieni kitu. Hulk mnamjua wa kijani. Komiki yake ya kwanza, 1962, Jack Kirby amechora kava na yule jamaa ni KIJIVU. Stan Lee mwandishi ndio alitaka kijivu. Ikaenda kwa mashine ikarudi ukurasa mmoja kijivu, mwingine karibu mweusi, mwingine una ukijani. Namba 2 wakasema basi awe kijani moja kwa moja. Tabia yote ya yule jitu, jina lote la jitu la kijani, limezaliwa na mtu wa mashine aliyeshindwa.

Nami namuelewa sana huyo mtu. Kijivu ni rangi ya shetani. Ukikitengeneza kwa kuchanganya sayani, majenta na njano, moja ikizidi hata kidogo kinageuka, leo kijani kesho waridi. Niliwahi kuchapa kalenda ya kwaya moja, kanzu zao kijivu kizuri cha heshima, kalenda 500. Zikatoka kama kwaya ya mijusi. Mama mkuu wa kwaya aliniangalia hakusema neno, akafungua kalenda ya pili, akafungua ya tatu. Nlirudia zote kwa pesa yangu.

Na wewe Mtoto wa Bombo na nyeusi yako. Nyeusi kama hiyo ya Mignola ukinipa wino mweusi peke yake nichape eneo kubwa inatoka kama mkaa uliopoa. Lazima niitandikie sayani kidogo chini ndio inakuwa usiku. Kwa hiyo mkimsifu mchoraji mkumbuke na sisi.

Mtoto wa Bombo
Mzee shikamoo. Hii ya kutandikia sayani imenieleza kitu, nlichapishaga kava yangu mwaka juzi kwa jamaa fulani hukohuko kwenu (simtaji) nyeusi ikatoka kahawia, akaniambia "ni hewa".

Pleti ya Nasser
Marahaba. Hewa 😂 huyo alikuchapia faili la skrini kama lilivyo. Skrini ni taa, karatasi haina taa. Ukija uniulize.

Binti wa Arua
Nimesoma mpaka hapa nikihesabu wanaume. Naona nifungue dirisha kidogo.

Fiona Staples, Mkanada, komiki ya Saga namba 1 ya 2012. Mama ananyonyesha mtoto, baba yuko kando yake. Hiyo ndio kava. Kule kwao ikawa mjadala, ati titi kwenye kava. Sasa mimi nimepanda basi la Arua kuja Kampala usiku mzima, mama aliyekaa pembeni yangu alinyonyesha kutoka Pakwach mpaka Luweero na hakuna aliyegeuka hata kondakta. Kilichonipendeza sio titi, ni yule mama macho yake. Hajakutazama kukuomba ruhusa, anakutazama kama mtu umemkatisha usingizi.

Linganisheni na zile kava za miaka ya 90 ambapo mwanamke anaonyesha kifua na makalio kwa wakati mmoja. Nilijaribu kusimama hivyo mbele ya kioo. Mgongo ulilia. Ni mkao wa nguo iliyokamuliwa, sio wa mtu.

Na James Jean, mnamuachaje James Jean? Amepaka kava za komiki ya Fables miaka na miaka, amechukua tuzo ya Eisner, ile kubwa ya komiki Marekani, ya kava mara sita mfululizo, 2004 mpaka 2009. Nywele za mtu zinageuka mizizi, mizizi inageuka vidole, unaingia unapotea. Najua atafeli mlangoni kwako Mtoto wa Bombo. Basi mlango wako ni mdogo.

Mtoto wa Bombo
Dada, mlango wangu ni wa kupanga.

Kisoro Juu
Mimi sijui majina mengi ila nina malalamiko kuhusu magorila.

Nani ameona zile komiki za zamani za DC, kampuni ya Batman na Superman, miaka ya 50 na 60, kila kava gorila? Nlisoma nikacheka. Mwaka 1951 walitoa Strange Adventures namba 8, kwenye kava gorila, ikauza kuliko kawaida, basi mhariri wao Julius Schwartz na wenzake wakaanza kubandika gorila kila mahali. Gorila anacheza hivi, gorila jaji, gorila mwanasayansi. Flash, yule shujaa wa mbio, akapewa adui gorila, Grodd, 1959, ana mji wake mzima huku kwetu Afrika. Na yule Schwartz wakati mwingine kava ilichorwa kwanza, alafu mwandishi anaambiwa haya tafuta hadithi inayofika hapa.

Sasa mimi nimezaliwa karibu na msitu wa Bwindi, wenye magorila, baba ni mbebaji wa mizigo ya watalii. Gorila wa hizo kava yuko wima, meno nje, ameshika bunduki. Gorila wa kweli anakaa kwa matako kama mzee wa kijiji, anatafuna majani, anajikuna, ukikohoa vibaya ndio anakuangalia mara moja tu, na hiyo mara moja inatosha. Hakuna mchoraji wa kava amewahi kuchora hiyo mara moja. Carmine Infantino ambaye wote mnamsifu kwa Flash, mistari ya mbio na miguu mirefu na mji uko kwa mbali kama sega, naye alituchorea magorila ya sarakasi.

Rangi Saba
"Anakaa kwa matako kama mzee wa kijiji" nimeweka hii kwa statasi.

Jalada la Mwalimu
Nawasalimu nyote. Nafundisha Kiswahili sekondari, mtanisamehe, lakini tuna neno jalada. Kava ni la nini?

Pleti ya Nasser
Mwalimu, jalada kwetu mashineni ni lile gumu la kitabu cha hesabu. Kava ni hili laini. Ukisema jalada nakutolea bei nyingine.

Jalada la Mwalimu
Nimekubali kwa shingo upande. Basi niseme kuhusu hilo laini.

Komiki ya Fantastic Four namba 52, Julai 1966, ndipo Black Panther alipotokea mara ya kwanza. Ipo kava ambayo Kirby aliichora kwanza ikaachwa, na ndani yake Panther amevaa kinyago cha nusu: mdomo, kidevu, ngozi yake nyeusi vinaonekana waziwazi. Ile iliyofika madukani uso wote umefunikwa. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha hizo mbili bila kusema kitu. Mwaka huu binti mmoja wa S2 kanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huyu wa pili amefichwa." Hakusema amejificha. Nilimpa alama zake za kauli ya kutendwa hapohapo.

Na si kwamba Kirby alikuwa mwoga. Ni yeye na Joe Simon walioweka Captain America akimpiga Hitler ngumi ya taya kwenye kava ya kwanza kabisa, ya Machi 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Ngumi ile angalia inavyokwenda: mkono wa Captain umenyooka, Hitler anaanguka nyuma, wanajeshi wanafyatua risasi pembeni, na kila mstari ndani ya picha unaelekea kwenye ile taya. Hapo Mtoto wa Bombo hahitaji hata kwenda mlangoni.

Mtoto wa Bombo
Mwalimu umenipiga na mimi ngumi. Kirby nilimuacha kwa sababu nilimzoea, kama mtu anavyosahau kutaja ugali kwenye orodha ya vyakula.

Alafu ile filamu ya Panther ya 2018, zile picha za kutoka angani za Wakanda, kuna za Bwindi na Rwenzori. Kisoro Juu, mmelipwa?

Kisoro Juu
Tunasubiri.

Papa Kisangani
Ndugu zangu, nasoma tu toka Nsambya, Kiswahili changu ni cha Kongo mtavumilia. Hakuna mwenye atamtaja Barly Baruti? Ni wa kwetu Kisangani, anapakaga mto unasikia harufu ya samaki. Wazungu walizoea kuchora Kongo kama pori moja ya kijani, yeye anaweka kutu ya boti, anaweka matope ya rangi tatu tatu.

Maana tulishachorwa vibaya. Yule Hergé na Tintin yake ya Kongo ya 1931, watu wetu midomo kama tairi, mi sitaki hata kuiona. Lakini nitasema ukweli wa ufundi: mistari yake ilikuwa safi sana. Na kuna habari ya mashine Mzee Pleti ataipenda. 1936 alipaka kava ya Le Lotus bleu, dragoni mkubwa na Tintin amejificha ndani ya chungu cha Kichina. Mchapishaji akakataa, kuichapa na rangi zote zile ni ghali. Ikakunjwa ikawekwa. 2021 imeuzwa Paris kwenye mnada kwa zaidi ya yuro milioni 3.

Pleti ya Nasser
Kwa hiyo kazi nlizokataa zote nizitafute.

Usiku wa Manane
Naona hakuna aliyemtaja Dave McKean, mimi ndio huyo tu. Kava za komiki ya The Sandman zote 75, 1989 mpaka 1996. Hachori tu, anapiga picha, anabandika, anapaka juu, anakwaruza. Zile za mwanzo alijenga rafu za mbao kabisa, akazijaza vitu, akapiga picha. Na shujaa mwenyewe mara nyingi hayupo kwenye kava! Kipindi hicho kila kampuni inataka shujaa mbele misuli nje, maana dukani komiki zimepangwa zinafunikana, ndio maana Marvel waliwekaga kile kisanduku kwenye kona ya juu na sura ya shujaa, ili hata ikifunikwa kona ionekane. McKean akaweka jani lililokauka na uso wa mtu asiyejulikana.

Mimi niliipata moja soko la Owino, ndani ya fungu la magazeti ya kufungia vitu, kava imechanika pembe, imelowa mafuta. Sikujua ni komiki. Nilidhani ni kitu cha mganga. Nililipa 1,000 nikaificha ndani ya shati kama nimeiiba.

Mtoto wa Bombo
Sasa hapa sheria yangu inavunjika, wacha niseme. McKean nimempeleka mlangoni mara tatu. Ukifika kule unaona tope. Lakini mara zote tatu nimerudi mezani kuangalia ni tope ya nini. Sijui nimpe alama gani, amenitembeza.

Binti wa Arua
Kwa hiyo amekuita.

Mtoto wa Bombo
Dada wacha hivyo.

Rangi Saba
Mimi naongeza wa mwisho, Brian Bolland. Mstari mwembamba, hautetemeki hata pale nywele zinapokutana na sikio. The Killing Joke 1988, Joker, adui wa Batman, ameshika kamera ameielekeza kwako wewe msomaji, anakuambia tabasamu. Na Mzee Pleti sikia, Bolland hakuzipenda rangi za ndani alizopaka mwenzake, miaka ishirini baadaye, 2008, akazipaka upya mwenyewe kitabu kizima. Mwenzake alikuwa ameweka machungwa na waridi kali, yeye akazima akaweka kijivu.

Pleti ya Nasser
Kijivu tena. Mungu amsaidie aliyechapa.

Mtoto wa Bombo
Wandugu narudi, ni Jumapili. Nilienda Bombo jana kumsalimia mjomba, siku hizi macho hayamsaidii lakini saluni ipo, anaendesha mtoto wake. Nlikuwa nimechapa kava nne za A4 kwa mashine ya kawaida, ile Hellboy, Kingdom Come, Sandman moja, na Joker wa Bolland. Nikazibandika kwa gundi ukutani nje, chini ya bango la mjomba, alafu nikavuka kwenda kukaa kwa muuza chapati. Niliagiza roleksi (chapati imekunja mayai) mayai mawili, nikaangalia saa nzima na zaidi.

Hellboy watoto wawili walisimama, mmoja akaugusa ule mkono. Kingdom Come mzee mmoja aliisogelea akasoma sura moja moja kama anatafuta mtu wa ukoo wake (Rangi Saba chukua alama yako). Sandman hakuna, ila mbuzi alikula pembe.

Sasa Joker. Kijana anapita kwa boda, amebeba kreti za soda, akatupa jicho, akapita. Akasimama mbele kidogo. Akarudisha ile piki kinyumenyume mpaka pale, akazima, akaangalia ile kamera, akajifuta jasho usoni, akanyoosha kola. Alafu akamwita binamu yangu ndani: "Boss, picha za pasipoti hapa ni pesa ngapi?"

Pleti ya Nasser
😂😂😂 akajibiwaje

Mtoto wa Bombo
Binamu akamwambia elfu tano, lakini kwanza anyoe.